Hamira Hukaguaje Protini Ngeni Kabla ya Kuitoa Nje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wanafunzi wa bioteknolojia, na watu wa maabara waliopandikiza jeni ngeni kwenye hamira, wakasubiri protini ijae kwenye kimiminika cha kukuzia, wakaambulia patupu. Majibu mengi yanahusu Saccharomyces cerevisiae, hamira ya mkate na pombe, kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote. Komagataella phaffii, ambayo wengi bado huiita Pichia pastoris, inafuata njia ileile kwa sehemu kubwa.

Protini ngeni ni ipi, na kwa nini nitake itoke nje ya seli?

Ni protini ambayo jeni yake si ya hamira: insulini ya binadamu, kipande cha kingamwili, kimeng'enya cha kuvu mwingine. Ikitoka nje huipata kwenye kimiminika chenye protini nyingine chache, kwa hiyo kuisafisha ni rahisi kuliko kupasua seli na kuitafuta kati ya maelfu ya protini za hamira yenyewe.

Sababu ya pili ina uzito zaidi. Protini nyingi za dawa hushika umbo kwa vifungo vya salfa kati ya sisteini zake, na vifungo hivyo havitengenezwi kwa urahisi ndani ya saitoplazimu. Vinatengenezwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, ambayo ndiyo kituo cha kwanza cha protini inayoelekea nje. Insulini ina vifungo vitatu vya aina hiyo, na ndiyo maana kampuni ya Novo (leo Novo Nordisk) ilipoamua kuitengeneza kwa hamira miaka ya 1980 iliipitisha njia ya kutoka nje.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B, inayotengenezwa kwa hamira, nayo hutolewa nje?

Hapana. Chanjo hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1986 na hutajwa kila mahali kama ushindi wa hamira, lakini protini ya ganda la virusi hubaki ndani ya seli na seli hupasuliwa ili kuipata. Usiitumie kama mfano wa mada hii.

Protini huingiaje kwenye njia ya kutoka?

Kwa alama iliyo mwanzoni mwa mnyororo wake. Alama inayotumika sana imetolewa kwenye homoni ya kupandana ya hamira, ile iitwayo alfa. Ina sehemu mbili: kipande cha kwanza cha asidi amino 19 kinachofungua mlango wa retikulamu na kukatwa papo hapo, na kipande cha pili, kirefu zaidi, kinachosindikiza protini hadi Golgi, kituo kinachofuata retikulamu, ndipo kikatwe. Mlango wenyewe ni tundu kwenye utando, linaloundwa na Sec61 na wenzake.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulipita. Alama ya alfa huingiza protini baada ya ribosomu kumaliza kuitengeneza. Mnyororo husubiri kwenye saitoplazimu ukiwa haujajikunja, kisha huvutwa kupitia tundu, na Kar2, protini inayosaidia nyingine kujikunja, ikiwa upande wa ndani huushika kila unapojitokeza ili usirudi nyuma. Protini ambayo hujikunja haraka mno hukaza kabla ya kuingia na kuliziba tundu. Ukiwa na protini ya namna hiyo, tumia alama inayoiingiza wakati ribosomu ingali inaitengeneza. Kipande cha mwanzo cha Ost1, protini nyingine ya hamira, kikifuatwa na sehemu ya pili ya alfa, kimefanya kazi hiyo vizuri. Kabla ya kulaumu ukaguzi wa ubora, hakikisha protini yako imefika kwenye ukaguzi.

Ukaguzi wenyewe hufanyika wapi?

Sehemu kubwa hufanyika kwenye retikulamu. Kuna ukaguzi wa pili kwenye Golgi, nitaueleza mbele. Ramani ya safari nzima, kutoka retikulamu kwenda Golgi kisha utando wa nje, tunaijua kwa sababu ya hamira zenyewe: Randy Schekman na wenzake, kuanzia mwaka 1979, walitafuta hamira zilizoshindwa kutoa protini nje kila joto lilipopandishwa, na wakazigawa katika jeni 23. Kazi hiyo ilimpa Schekman sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013.

Seli hujuaje kuwa protini imejikunja vibaya, ilhali haijawahi kuiona protini hiyo?

Haijui. Hilo ndilo jibu la kweli, na ukilishika vizuri mengine yote kwenye ukurasa huu yatakuwa rahisi.

Hamira haina picha ya insulini ya kulinganisha nayo. Haijui kama kimeng'enya chako kinafanya kazi au kingamwili yako inashika kile inachotakiwa kushika. Inachofanya ni kutafuta dalili chache ambazo karibu kila protini isiyokamilika huwa nazo, kisha inaangalia dalili hizo zinadumu kwa muda gani. Anayekagua hapa ni kama mlinzi wa lango anayetazama kama vifungo vya shati vimefungwa: hakuulizi jina wala unakokwenda.

Dalili ya kwanza ni sehemu zinazokimbia maji. Protini iliyokamilika huzificha ndani. Zikibaki nje, Kar2 huzishika. Kar2 hutumia ATP kushika na kuachia, kushika na kuachia, na kila inapoachia mnyororo hupata nafasi ya kujikunja. Ukijikunja, Kar2 haina tena pa kushika na protini huenda zake. Usipojikunja, hushikwa tena. Protini iliyoshikwa hubaki retikulamu, kwa sababu Kar2 yenyewe ina herufi nne za asidi amino mkiani, HDEL, zinazoirudisha nyumbani hata ikiponyoka hadi Golgi.

Dalili ya pili ni sisteini zilizo wazi. Kimeng'enya Pdi1 huzifunga kwa vifungo vya salfa, na zikifungwa vibaya huzifungua na kuzipanga upya. Katikati ya kazi hiyo Pdi1 na protini huwa zimeunganishwa, na protini iliyounganishwa hivyo haiondoki.

Dalili ya tatu ni sukari, na hiyo inastahili jibu lake.

Sukari zinahusikaje? Nilidhani ni mapambo tu.

Si mapambo. Kwenye retikulamu kuna kimeng'enya kinachotafuta mpangilio maalumu kwenye mnyororo: asparajini, kisha asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Kikiuona hubandika kwenye asparajini shada la sukari 14 kwa mkupuo: mbili za chini, manosi tisa, na glukosi tatu juu kabisa. Kisha kupogoa huanza. Glukosi tatu huondolewa upesi. Kimeng'enya Mns1 huondoa manosi moja, polepole, na kubakiza nane. Hapo protini iliyojikunja vizuri kwa kawaida imeshaondoka.

Iliyobaki hukutana na Htm1, mkataji mwingine wa manosi, ambayo hufanya kazi ikiwa imeungana na Pdi1. Htm1 hukata manosi moja nyingine, na kukata huko hufunua manosi ya ndani iliyounganishwa kwa namna ambayo haikuwa wazi kabla. Manosi hiyo iliyofunuliwa ni hukumu. Protini ya ukaguzi Yos9 huitambua, huku mwenzake Hrd3 na Kar2 zikithibitisha kuwa mnyororo bado uko wazi. Lazima yote mawili yawepo, alama ya sukari na mnyororo usiojikunja. Protini nzuri iliyochelewa kidogo haiuawi kwa kosa la sukari peke yake, na protini changa iliyo wazi haiuawi kabla ya muda wake.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa protini ya hamira yenyewe, kaboksipeptidasi Y. Ikibadilishwa asidi amino moja tu, glisini ya nafasi ya 255 ikawa arijinini, haijikunji tena na huvunjwa. Ina mashada manne ya sukari, lakini ni moja tu, lile la mwisho upande wa mkia, linalohitajika ili ivunjwe. Ukiondoa matatu mengine inavunjwa kama kawaida. Ukiondoa hilo moja inadumu. Kwa hiyo mahali sukari ilipobandikwa ni muhimu kuliko idadi yake. Ukipanga kuondoa au kuongeza sehemu za sukari kwenye protini yako, kumbuka mfano huu.

Kuna tofauti moja kati ya hamira hii na seli za wanyama. Seli za wanyama zina kimeng'enya kinachorudisha glukosi kwenye protini isiyokamilika ili ijaribu tena. S. cerevisiae haina mzunguko huo. Schizosaccharomyces pombe, hamira nyingine, inao. Ndiyo maana si kila unachosoma kuhusu seli za binadamu kinaweza kuhamishiwa hapa.

Na protini isiyo na sehemu ya kubandika sukari hizo?

Hutegemea dalili mbili za kwanza, na mara nyingi huongezewa alama nyingine: Pmt1 na Pmt2 hubandika manosi kwenye serini na threonini za protini ambayo imezungukazunguka muda mrefu bila kujikunja. Manosi hizo huifanya iyeyuke vizuri zaidi kwenye maji lakini humaliza matumaini ya kujikunja. Kar2 huacha kuishughulikia. Kwa mtazamo wa seli ni uamuzi wa busara, maana nishati ilikuwa inapotea. Kwa mtazamo wako ni hasara. Ukikuta protini yako ni nzito kuliko hesabu ingawa haina sehemu za asparajini, washuku hao wawili kwanza.

Zinazoshindwa hupelekwa wapi?

Hurudishwa saitoplazimu na kusagwa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kuna vimeng'enya vya kusaga ndani ya retikulamu yenyewe. Vilitafutwa, havikuonekana. Mwaka 1996 maabara ya Dieter Wolf huko Stuttgart ilionyesha kuwa ile kaboksipeptidasi Y mbovu, baada ya kuingia kabisa ndani ya retikulamu, hutolewa tena na kusagwa na proteasomu, mashine iliyo saitoplazimu. Mwaka huohuo Jeffrey Brodsky na Ardythe McCracken waliupa mchakato huo wa kusaga jina la ERAD, na katika kazi nyingine wakauonyesha kwa protini ngeni: aina mbovu ya kizuizi cha tripsini cha binadamu kiitwacho alfa-1, inayosababisha ugonjwa wa ini kwa watu wanaoirithi. Hamira ilitambua ubovu wa protini ya binadamu ambayo haikuwa na sababu yoyote ya kuijua.

Hrd1 ndiyo kitovu cha njia hiyo. Imepita ndani na nje ya utando mara kadhaa, husaidia kuunda njia ya kupitisha mnyororo, na upande wa saitoplazimu huubandika ubikwitini, alama ya kusagwa. Cdc48 hushika ubikwitini hizo na kuuvuta mnyororo kwa nguvu ya ATP hadi utoke wote. Protini za utando zenye kasoro upande wa saitoplazimu hutumia Doa10 badala ya Hrd1.

Mabonge makubwa ambayo hayawezi kupenya popote huachiwa njia nyingine: kipande cha retikulamu humezwa na vakuoli, kifuko cha kusagia cha seli, pamoja na kilichomo.

Seli hufanya nini protini mbovu zikizidi uwezo?

Huongeza kila kitu kwa pamoja: Kar2, Pdi1, utando wa retikulamu, vimeng'enya vya sukari, vifuko vya kusafirishia, na ERAD. Mwendo wa ishara hiyo ni wa ajabu, acha niueleze polepole.

Kwenye utando wa retikulamu kuna Ire1, kichwa kikiwa ndani na mkia saitoplazimu. Mambo yakiwa shwari, Kar2 huwa imeishika. Protini mbovu zikijaa, Kar2 huitwa kwingine, minyororo iliyo wazi hugusa Ire1 moja kwa moja, na Ire1 kadhaa hukusanyika pamoja. Mkia wake ni mkasi wa RNA. Unatafuta RNA mjumbe moja tu, ya jeni ya HAC1, ambayo imekuwa ikingoja saitoplazimu bila kusomwa kwa sababu ina introni (kipande cha kuondolewa) ya nukleotidi 252 inayojikunja na kujifunga na mwanzo wa RNA hiyo. Ire1 hukata pande zote mbili, na vipande huunganishwa na Trl1, kimeng'enya ambacho kazi yake ya kila siku ni kuunga RNA hamishi. Kizuizi kikiondoka ribosomu husoma, protini ya Hac1 huingia kwenye kiini na kuwasha mamia ya jeni.

Yote haya yalifumbuliwa kwa hamira, hasa na Peter Walter na Kazutoshi Mori kwa nyakati zinazokaribiana, na wawili hao walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2014. Seli zetu zina vihisi vitatu vya aina hii. Hamira ina Ire1 tu.

Seli iliyoelemewa pia husitisha kumpa mtoto retikulamu mbovu: chipukizi hucheleweshwa hadi hali itengemae. Kwa anayekuza hamira kwenye tangi, hilo huonekana kama ukuaji uliodorora.

Nimeongeza nakala za jeni kutoka moja hadi nyingi na mavuno yameshuka. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea, umefika mwisho wa uwezo wa retikulamu. Promota (swichi ya jeni) yenye nguvu na nakala nyingi huongeza minyororo inayoingia, lakini haziongezi mikono inayoikunja. Minyororo iliyo wazi ikisongamana hushikana yenyewe kwa yenyewe, na bonge moja huteka Kar2 nyingi. Protini za hamira zenyewe, zile za ukuta wa seli kwa mfano, nazo hukwama kwenye foleni hiyohiyo.

Kuna na madhara mengine yasiyoonekana haraka. Kila kifungo cha salfa kinapotengenezwa, Ero1 hupeleka elektroni kwa oksijeni na molekuli moja ya haidrojeni peroksaidi huzaliwa. Protini inayojikunja mara moja hulipa gharama hiyo mara moja. Protini inayofungwa vibaya, ikafunguliwa, ikafungwa tena, hulipa kila mara, na seli hujikuta kwenye sumu iliyoitengeneza kwa juhudi zake za kurekebisha. Kwa protini yenye vifungo vingi, jaribu nakala chache kwanza. Mara nyingi nakala mbili zilizotulia huzaa kuliko kumi zinazohangaika.

Je, nikiongeza Kar2 na Pdi1?

Wakati mwingine husaidia sana. Mwaka 1994 ilionyeshwa kuwa kuongeza Pdi1 kwenye S. cerevisiae kulipandisha utoaji wa kichocheo cha ukuaji kinachotokana na chembe sahani za binadamu mara kumi, na wa fosfatasi ya S. pombe mara nne. Vipande vya kingamwili vya mnyororo mmoja navyo vimefaidika, hasa Kar2 na Pdi1 zilipoongezwa pamoja.

Kwa protini nyingine hakuna mabadiliko, na kwa nyingine Kar2 nyingi imepunguza mavuno. Inaeleweka: Kar2 ndiyo inayosaidia protini kujikunja na ndiyo hiyohiyo inayoizuia kuondoka na kuipeleka ERAD. Pdi1 bila Ero1 ya kuirudishia uwezo wake huchoka, na Ero1 nyingi huongeza peroksaidi. Kuwasha Hac1 moja kwa moja huongeza wote kwa uwiano ambao seli imeuzoea, lakini huongeza na wasagaji. Maoni yangu: anza na Pdi1 kama protini yako ina vifungo vya salfa, anza na Kar2 kama haina, na usiamini matokeo ya protini ya mtu mwingine.

Si rahisi zaidi kuzima ERAD ili protini isisagwe?

Wazo hilo humjia kila mtu. Kinachosagwa si protini nzuri iliyoonewa. Kwa kawaida ni ile ambayo isingetoka hata ikiachwa, kwa hiyo ukizima Hrd1 unapata retikulamu iliyojaa takataka. Hamira iliyopoteza ERAD huishi kwa kuwa Ire1 inafidia. Ikipoteza na Ire1 pia, huugua, na joto likipanda hushindwa kukua.

Kuna hali chache ambapo kuzima husaidia: protini inayojikunja polepole lakini hatimaye vizuri, ambayo kipimo cha muda, ule upogoaji wa manosi, kinaikata kabla haijamaliza. Hizo ni chache. Jaribu kushusha joto kwanza.

Kushusha joto kunasaidiaje?

Hamira hukuzwa kwa kawaida kwenye nyuzi 30. Ikishushwa hadi 20 wakati wa kutengeneza protini, minyororo huingia taratibu, sehemu zinazokimbia maji hazishikani kwa nguvu, na protini isiyo imara hubaki imejikunja badala ya kufunguka. Ni gharama ndogo kuliko kubuni hamira mpya.

Protini ikishavuka retikulamu, imesalimika?

Bado. Kwenye Golgi kuna Vps10, ambayo kazi yake rasmi ni kuipeleka kaboksipeptidasi Y kwenye vakuoli. Ilibainika katikati ya miaka ya 1990 kuwa hushika pia protini zilizojikunja vibaya na kuziingiza kwenye gari hilohilo. Kwenye vakuoli zinasubiriwa na kimeng'enya cha kusaga Pep4 na wenzake, na hazibaki. Protini ngeni nyingi, hata zilizo nzuri, hupotelea huko kwa kufanana kidogo tu na abiria wa kawaida wa Vps10.

Golgi ndipo pia Kex2 hukata alama ya alfa, baada ya lisini na arijinini. Protini ikipita kwa kasi au kwa wingi, Kex2 hushindwa kufikia zote na nyingine hutoka zikiwa na mkia wa alfa mbele. Ukiwa na asidi amino za glutamati na alanini kati ya mahali pa kukata na protini yako, Kex2 hukata vizuri zaidi, lakini Ste13 inaweza kushindwa kuzimaliza na utaona protini zenye mianzo tofauti. Nje kabisa, kwenye utando wa seli, kuna Yps1 na ndugu zake wanaokata penye asidi amino zenye chaji chanya, na hao wanaweza kuipasua protini iliyokuwa salama safari nzima.

Kwa hiyo kilichotoka nje ni sahihi?

Si lazima. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, wakiwemo wenye uzoefu.

Ukaguzi wa hamira hupima kama protini ni imara vya kutosha kwa muda mfupi inaopita. Majaribio ya kizuizi cha tripsini cha ng'ombe, protini ndogo ya asidi amino 58 na vifungo vitatu vya salfa, yalionyesha mwaka 1998 kuwa kadiri kifungo kinavyoondolewa na protini kulegea, ndivyo kiasi kinachotoka kinavyopungua. Uhusiano huo ni wa kweli, lakini una dari. Protini ikishakuwa imara kiasi fulani, kuiimarisha zaidi hakuongezi chochote, maana mkaguzi hana tena dalili ya kuona.

Na kuna zinazopenya. Protini zilizojikunja nusunusu, zenye umbo la jumla lakini bila ndani iliyokazwa, zimeonekana kutoka kwa wingi au kukaa juu ya ukuta wa seli pale zinapounganishwa na Aga2, protini ya ukuta wa seli, mbinu iliyobuniwa mwaka 1997 kwa ajili ya kuchagua kingamwili. Anayechagua protini kwa kuangalia tu ni ipi imeonekana kwa wingi juu ya seli anaweza kuondoka na zisizofanya kazi. Pima utendaji. Kama ni kingamwili, pima inashika nini. Kama ni kimeng'enya, mpe anachopaswa kukata.

Kinyume chake pia hutokea: protini nzuri kabisa huzuiwa kwa sababu kwa asili ina sehemu kubwa inayokimbia maji, ambayo kule ilikotoka hufichwa na mwenzake. Kar2 haiwezi kujua kuwa mwenzake hayupo. Kama protini yako huishi kwa jozi, peleka jeni zote mbili.

Sukari nyingi za hamira juu ya protini ya binadamu ni kasoro ya ukaguzi?

Hapana, ni kazi ya Golgi. Kimeng'enya Och1 huanzisha mnyororo wa manosi na wengine huurefusha. Kwa hamira hiyo ni protini iliyokamilika vizuri. Kwa mwili wa binadamu ni protini inayoondolewa upesi kwenye damu na inayoweza kuamsha kinga. Kuna aina za Komagataella zilizofutwa Och1 na kuongezewa vimeng'enya vya wanyama ili sukari zifanane na zetu.

Nitajuaje protini yangu imekwama wapi?

Usianze na kimiminika, anza na seli. Pasua kiasi kidogo, tenganisha kwa jeli, tafuta protini kwa kingamwili yake, na linganisha na kilichoko nje. Kama ndani hakuna kitu na nje hakuna kitu, tazama RNA mjumbe kwanza, kisha proteasomu. Kama ndani kuna mkanda mmoja mzito na nje ni patupu, imezuiwa.

Uzito wa mkanda hukuambia mahali. Kaboksipeptidasi Y ya kawaida ina kilodaltoni 67 ikiwa retikulamu, 69 ikiwa Golgi, na 61 ikishafika vakuoli na kukatwa. Ipime kwenye jeli hiyohiyo. Ikiwa nayo imerundikana kwenye 67, njia nzima imeziba na tatizo si la protini yako peke yake. Ikiwa inapita kawaida, protini yako imeshikwa kwa sababu zake. Mkanda unaosambaa kama moshi juu ya uzito unaotarajiwa mara nyingi ni sukari za Golgi. Tumia kimeng'enya Endo H, kinachokata sukari hizo, na mkanda ukijikusanya chini kuwa mkanda mmoja, protini ilishavuka retikulamu na upotevu uko mbele.

Kisha kagua HAC1 kwa PCR ya RNA. Vipande viwili vinavyotofautiana kwa nukleotidi 252 huonekana wazi kwenye jeli. Kidogo cha kile kifupi, kilichoondolewa introni, si tatizo. Kikiwa kifupi ndicho kingi, seli imeelemewa, na nakala za jeni au joto ndiyo mambo ya kugusa kwanza. Kisiwepo kabisa, na bado huoni protini nje, jaribu hamira iliyofutwa VPS10, na nyingine iliyofutwa PEP4. Protini ikitokea nje kwa ya kwanza, au ikirundikana ndani kwa ya pili, ilikuwa inaishia kwenye vakuoli.